Kiwiko cha Sweta la Sayi

Sayi kalitupa juu ya mashine yangu:
"Mama Kwandu, nizibie hapa kiwikoni,
Jumatatu naingia zamu ya usiku."
Analinda kiwanda cha minofu kule Igogo,
na saa tisa za usiku upepo wa ziwa
haumwulizi mtu ana cheo gani.

Kalipata Mlango Mmoja, robota ndiyo kwanza limekatwa,
elfu nne mia tano,
baada ya kuapa kwa jina la mama yake
kwamba hana hata nauli ya kurudia.

Sweta la vifungo. Rangi ya ugoro.
Vifungo sita vya ngozi, vya duara,
kimoja si cha tumbo moja na wenzake.
Lebo ya ukosini imeliwa na sabuni,
yamebaki maneno matatu, *fatto a mano*,
na chini yake, kwa uzi mwekundu, *Italia*.
Nikamwuliza Masalu, aliyewahi kuwapikia mapadre.
"Limefanywa kwa mkono," akasema.
Nikacheka. Hilo hata mimi ningemwambia.

Mashine yangu haijui kuchoka,
safu ya kwanza na ya mia mbili ni mapacha.
Huyu alichoka.
Hapa mgongoni vitanzi vimekaza: alikuwa na deni.
Hapa begani vimelegea: kuna mtu alibisha hodi,
akakaribishwa, wakaongea mpaka giza.
Na vitanzi vyote vinalalia upande usio wao,
mwenye shoto, kama mama yangu
aliyechapwa kwa mkono huo hadi ukavimba
na bado akafuma nao, kwa spoki za baiskeli
alizozinoa juu ya mawe ya Mabatini
sisi tukilalamika kwamba kelele zinakata meno.

Nikampa mji wa mlimani,
maana sufu inataka kondoo, na kondoo anataka baridi.
Nikampa mume aliyekwenda kutafuta kazi,
akatuma barua mbili.
Nikampa binti mkaidi.
Halafu nikashtuka: namsengenya mtu nisiyemjua!
Pengine alikuwa na mali zake.
Pengine alifuma tu
kwa kuwa redio ilikuwa ikiongea peke yake.

Nikaugeuza mkono wa sweta ndani nje.
Kumbe mimi si wa kwanza.
Kiwiko hikihiki kilishazibwa, kwa uzi wa buluu,
na mtu asiye fundi, aliyevuta na kukaza
kama anayefunga mdomo wa gunia la dagaa.
Vibaya kabisa.
Lakini asiyependa hashoni, hutupa.
Sasa mpenzi kama huyo aliliachaje?
Zamani nguo hizi tuliziita kafa-ulaya
na tulikuwa tukicheka.

Nilikusudia kufumua mkono mzima, nianze upya.
Kufuma, kufumua: herufi moja tu katikati.
Nimekata uzi wa kwanza,
nikavuta safu, ya pili, ya tatu,
ya nne ikagoma.
Unywele.
Mweupe, mrefu, haukudondokea juu;
umepita ndani ya vitanzi kumi na vinne,
umefumwa pamoja na sufu,
naye hakuuona, au aliuona
akasema, nawe kaa humo.

Nimeuvuta kidogo. Hautoki.

Basi nikairudisha safu ya nne mahali pake.
Uzi wa rangi ile Mwanza nzima haupo.
Ninao wa damu ya mzee, uliobaki
kwenye masweta ya shule ya Mkuyuni,
nikazibia huo, pembeni ya ule wa buluu
ambao sikuuondoa.

Sayi kaja jioni, kalivaa, kakunja mkono, kakunjua.
"Mbona rangi hazipatani?"
"Usiku nani atakuona, wezi?"
Kaweka elfu moja mezani, nyingine mwisho wa mwezi.
Ya unywele sikumdai,
wala sikumwambia.